Mwaka Mtufaha Ulipolala Dukani

Najua kumbukumbu za maisha huandikwa na watu wenye mvi, waliokwisha kustaafu, wanaokohoa kabla ya kila sentensi. Mimi sina mvi. Nina chunusi mbili kidevuni na mtihani wa kemia Jumapili. Lakini jana Mama aliingia chumbani akiwa amebeba maboksi ya duka, akasema mwenye nyumba anataka jumba lake, tunahamia Al Mansoura, orofa ya nne, hakuna uani, na mtu asianze kulia. Kisha akasimama mlangoni akaitazama ile ndoo ya rangi iliyo karibu na dirisha langu. "Na hilo fagio lako, Shiru? Linakuja ama linabaki?" Sikumjibu. Mimi, ambaye kwa kawaida hunyamaza nikiwa usingizini tu, na hata huko Mama anasema huwa nacheka. Alipoondoka nikajua kwamba nina kumbukumbu, tena ni za mwaka mmoja tu, ule wa darasa la kumi, na nisipoziandika sasa zitatiwa kwenye boksi moja na sufuria na hazitaonekana tena.

Hilo fagio ni mtufaha. Mti wa maepo, kama anavyouita Mama. Uko Doha, mji ambao mtu akitaka tufaha huenda dukani akalitoa kwenye friji, na kama ana akili huishia hapo. Aliyeuleta kwetu hakuishia hapo. Aliitwa Mjomba Shaabani, na hakuwa mjomba wangu kwa damu wala kwa ndoa. Jumba letu la Abu Hamour zamani lilikuwa la familia moja, kisha likakatwakatwa kama keki. Sisi tulipata kipande kilichokuwa sebule ya wageni, chenye dari la urembo wa plasta na taa kubwa isiyowaka, na yeye alikaa ng'ambo ya uani, kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya dereva. Kweli alikuwa dereva, wa familia moja tajiri mitaa ya mbali, Mtanzania wa Lushoto, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Nilimwita Mjomba kwa sababu Mama aliahidi kunizaba nikimwita Shaabani mara ya pili. Naye alidai shikamoo yake. Sisi Wakenya mtu akikusalimia "sasa" umeridhika, lakini Mjomba ungempita bila shikamoo angekohoa mpaka urudi. Basi Jumapili moja, siku ambayo huku Doha wiki ya shule huanza, nikampa tano kwa mpigo, za wiki nzima ya shule, ili tumalizane. Akazipokea kwa utulivu: "Marahaba, marahaba, marahaba, marahaba. Ya Alhamisi utaileta Alhamisi."

Huo mti ulifika Septemba, joto likiwa bado la kukaangia yai kwenye boneti. Madam wake alikuwa ameuagiza kutoka nchi ya baridi ili upambe bustani, ukakaa miaka miwili bila kutoa ua hata moja, madam akasema khalas, utupwe. Mjomba hakuutupa. Aliukalisha kiti cha mbele cha gari, akaufunga mkanda, akaja nao polepole mpaka Abu Hamour, na mimi nikausimamia mlango wa uani kama askari wa ikulu. Shinani ulikuwa na lebo ya plastiki inayoning'inia kwa uzi. Niliisoma kwa sauti ya mtangazaji wa televisheni: mti huu hustahimili baridi hadi nyuzi thelathini chini ya sifuri. Nikamtazama Mjomba. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye ukosi. "Mjomba, hongera. Umepata koti la theluji, na leo ni nyuzi arobaini na moja." Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kidogo, cha puani, kama mtu anayepuliza vumbi kwenye kitabu. Akauhamishia kwenye ndoo kuukuu ya rangi aliyoitoboa matundu, akauweka pembeni mwa uani penye kivuli, na ile lebo akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi.

Sikuelewa kwa nini mpaka nilipoanza kusikiliza simu zake. Nasema kusikiliza, si kudukua, maana Mjomba alikuwa anaongea na mke wake kwa spika, uani, baada ya Magharibi, amekaa juu ya kreti, chai ya karaki mkononi, na mimi nilikuwa nafanya hesabu dirishani nikiwa na masikio mawili ya kawaida. Mke wake alijulikana kama Mama Zuhura. Kwa miaka ishirini na miwili, Mjomba akiwa kwenye usukani, yeye ndiye aliyelima shamba lao la matufaha huko milimani. Alikuwa na sauti ya mwalimu wa zamu. "Miti ya juu nimeshaipukutisha," angesema. "Ya chini wiki ijayo." Na Mjomba angeuliza, kwa adabu kabisa, kama amefunga matawi kwa mawe mazito au mepesi, naye Mama Zuhura angemjibu, "Wewe uliza habari za petroli, baba Zuhura. Mikono yako hiyo ni ya usukani. Ukirudi nitakukalisha kwenye kiti kizuri, nikuletee chai, kama mgeni." Alisema kwa utani. Lakini mimi ni fundi wa utani, najua utani ulio na mfupa ndani. Mjomba alikuwa anakaribia sitini, mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi Machi na haukuwa na mwingine baada yake. Siku moja Mama alimpelekea chapati na maharagwe, akamuuliza kama ana furaha kurudi nyumbani. Nilimsikia akijibu, chapati ikiwa haijakatwa: "Furaha ninayo, dada yangu. Ila sitaki kukaribishwa kwenye shamba langu mwenyewe. Huu mti ukitoa maua mikononi mwangu kabla sijaondoka, mama Zuhura atanipa jembe. Usipotoa, atanipa kiti."

Desemba ilipoingia, Doha ikaanza ile baridi yetu ambayo watu huvaa makoti ya sufu kwa nyuzi kumi na nane na kuulizana hali kama wako vitani. Mjomba alitoka Ijumaa asubuhi na kikapu, akaanza kuunyonyoa mtufaha. Jani moja moja, kwa vidole, akilivuta juu ili asijeruhi tumba lililo chini ya kikonyo. Mimi nilidhani amerukwa na akili. Nikamuuliza mti umemkosea nini. Akanieleza bila kuacha kazi kwamba mtufaha ni mti wa kulala. Usipolala, hauchanui. Huko kwenye theluji, baridi yenyewe huuvua majani na kuulaza. Lushoto kuna ubaridi wa milimani lakini hakuna theluji, mti haujui saa ya kulala ni saa ngapi, kwa hiyo mtu anauambia. Unaupukutisha kwa mkono, unaunyima maji kidogo, unayavuta matawi chini kwa kamba na jiwe, na baada ya wiki kadhaa unaamka umevaa maua. "Baba yangu alikuwa anaupukutisha mti mmoja kabla chai haijapoa," alisema. Yeye, mti mmoja mdogo kuliko mimi, ulimchukua asubuhi nzima. Vidole vyake vilikuwa vinasitasita. Nililiona hilo, na badala ya kunyamaza nikamwambia, "Mjomba, tia gia ya pili."

Wiki nne zikapita, ndoo ikawa imeshika kijiti. Si ua, si jani, si dalili. Fagio lililosahauliwa wima. Kila jioni Mama Zuhura aliuliza, "Vipi bustani ya Doha?" na kila jioni Mjomba alisema, "Bado kidogo." Alikuwa anafanya kila alichofundishwa na baba yake, na kosa lake ni kosa ambalo mtu wa Lushoto tu angeweza kulifanya: kule kwao miti ni ya aina isiyodai baridi nyingi, ukiidanganya kwa kuivua majani inadanganyika. Huu wa madam ulikuwa mtoto wa theluji. Lakini hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba kuna mzee anakitazama kijiti kila siku kabla ya kwenda kazini, na kwamba hilo lilikuwa jambo la kuchekesha.

Mama anafanya kazi kwenye duka la maua, si mbali na nyumbani. Stoo yao ina maboksi ya maua ya kitambaa, ya kupambia kumbi za harusi, meupe yenye wekundu kidogo pembeni, yaani kama maua ya mtufaha kabisa ukiyatazama kwa mbali. Nilichukua tisa. Siku ya pili, alfajiri, Mjomba akiwa bado ndani anaswali, nilitoka kwa vidole nikayafunga kwenye matawi kwa waya wa kijani, nikarudi dirishani na simu yangu tayari kurekodi. Mpango ulikuwa atoke, ashtuke, aguse, acheke puani, na mimi niwe na kitu cha kuonyesha shuleni. Basi akatoka, msala begani. Mwanga ulikuwa mdogo, wa kijivu. Akasimama. Hakugusa. Hilo sikulipanga. Alishika mdomo kwa mkono, akarudi ndani mbio, akatoka na simu, na kabla sijafungua dirisha nilisikia ile sauti ya mwalimu wa zamu, imejaa usingizi: "Kuna nini, baba Zuhura? Nani amekufa?" Naye akasema, na sauti yake ilikuwa inapanda kama ya kijana, "Tazama. Tazama mwenyewe. Tazama, mama Zuhura."

Mama Zuhura akasema, "Sogeza karibu." Akasogeza. "Zaidi." Akasogeza zaidi. "Shaabani," akasema, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akimwita kwa jina lake, "mbona yote yanalingana? Mbona hayana hata tumba moja ambalo halijafunguka? Liguse." Akaligusa. Ule waya ukatokeza. Kule Lushoto kikalipuka kicheko, si cha mtu mmoja, maana kumbe simu ilikuwa imeamsha nyumba nzima, mabinti na wajukuu, na mmoja wao akawa anasema kwa sauti, "Babu kapanda kitambaa! Babu kapanda kitambaa!" Mjomba naye akacheka, kidogo, puani. Akasema, "Haya, haya, nimepatikana." Akakata simu. Halafu akakunja msala ambao ulikuwa umeshakunjwa, akaukunjua, akaukunja tena. Simu yangu ilirekodi yote. Niliifuta video hiyo kabla hajafika mlangoni kwake, na mpaka leo ninaiona vizuri kuliko video zote nilizohifadhi.

Hakuniuliza kitu. Maua yenyewe aliyafungua moja moja kwa upole uleule wa majani, akayaweka kwenye mfuko, akamrudishia Mama: "Haya ni ya dukani kwenu, dada. Nadhani yalipotea njia." Mama alinitazama. Mama yangu ana namna mbili za kukasirika: ile ya kelele, ambayo ni kama mvua, inapita, na ile ya kukata vitunguu. Siku hiyo vitunguu vilikatwa vya wiki nzima. Niliposhindwa kuvumilia nikaenda kwa Mjomba, nikasimama mlangoni, nikasema shikamoo ambayo haikuwa ya mkupuo. Nikaanza, "Mjomba, mimi nilikuwa nataka tu..." Akanikatiza. "Umenichekesha, mwanangu. Na wamecheka wengi. Usijali." Juu ya kitanda msumari ulikuwa mtupu. Lebo ilikuwa kwenye pipa la taka, chini ya maganda ya machungwa. Kuanzia jioni ile hakukaa tena kwenye kreti. Alipiga simu akiwa ndani, bila spika, na ndoo haikupata maji. Nilimuuliza kuhusu mti, akasema, "Utupeni tu, siku ya taka." Afadhali angenipiga. Kipigo unakihadithia wenzako shuleni. Lile "usijali" sijawahi kumhadithia mtu mpaka leo.

Nikaiokota lebo. Nikaiosha kwenye sinki la jikoni, na kwa mara ya kwanza nikaisoma bila sauti ya mtangazaji. Nikatafuta jina la ule mti kwenye simu, nikasoma kurasa mpaka macho yakawasha, na nikapata kile ambacho Mjomba hakuambiwa na baba yake. Aina hii, sawa na nyingi zinazostahimili baridi kali, pia inaidai. Inataka wiki nyingi za baridi kama ya ndani ya friji, mfululizo, ndipo matumba yakubali kwamba majira yamepita. Usipoipa, inakaa macho gizani ikisubiri usingizi usiokuja, na mwisho inachoka kabisa. Yaani mti ule haukufa. Ulikuwa na usingizi. Nikamwita Mama. Akauacha ubao wa vitunguu, akaja uani, akakwaruza gome kwa ukucha wa kidole gumba. Chini yake palikuwa kijani kibichi, kama ndani ya tango. Tukatazamana. "Wiki ngapi?" akauliza. Nikasema nane. Akavuta pumzi. "Haki ya nani, wewe mtoto utanifukuzisha kazi."

Kwa sababu duka lake lina chumba cha baridi. Ndimo mawaridi yanamokaa yakitoka uwanja wa ndege, na mengi ni ya kwetu, ya Naivasha, yamesafiri kuliko wengi wetu. Nyuzi nne, giza, siku zote. Na sheria ya kwanza ya kile chumba, iliyoandikwa mlangoni kwa Kiingereza, Kiarabu na Kimalayalam, ni kwamba hakuna tunda linaloingia humo, hata ndizi ya chakula cha mchana, maana tunda linaloiva hutoa hewa inayozeesha maua. Meneja, Mhindi wa Kerala tunayemwita Bwana Sunny, aliwahi kumrudisha mtu nyumbani kwa chungwa moja mfukoni. Mama alinisukuma mbele yake Jumamosi, mimi na ndoo yangu. "Sema mwenyewe," akaniambia. Nikasema. Nilianza na mzaha, mdomo ndivyo ulivyozoea, nikasema ninaomba hoteli kwa mgeni asiyekula wala kuongea. Hakutabasamu. Basi nikaacha, nikasema ukweli, ule wote, maua ya kitambaa na simu na kicheko cha watoto. Bwana Sunny akaitazama ile ndoo kwa muda mrefu. "Huu ni mti wa matunda," akasema. "Ni mti wa matunda ambao haujawahi kuzaa tunda," nikasema, "sheria haiuhusu." Akamgeukia Mama: "Huyu awe wakili." Kisha akanipa bei. Kila Jumamosi mpaka mti utoke, niwe pale saa mbili asubuhi, nioshe ndoo na kukata mashina ya mawaridi. Ua moja la duka likichakaa kwa ajili ya mti wangu, mti unatoka siku hiyohiyo.

Jumamosi nane. Watu wanaodhani Doha hakuna baridi hawajawahi kukata mashina ndani ya kile chumba wakiwa wamevaa sweta la shule. Vidole vilikuwa vinakufa kuanzia kwenye kucha. Nilikuwa nawasha taa, naupa mti maji kikombe kimoja, nausimulia mambo ya wiki, nazima taa. Mama akinisikia kutoka nje alikuwa anasema, "Unaongea na nani humo?" Nilikuwa nauliza kama umelala. Sikumwambia Mjomba. Nilitaka aone maua kabla hajaondoka, na niliogopa kumwahidi, maana neno langu kwake lilikuwa limeshakuwa la kitambaa. Yeye alidhani mti umetupwa. Akinikuta uani alikuwa anapokea shikamoo zangu, moja kwa siku sasa, kila siku, hata ya Alhamisi, na anapita.

Hesabu yangu ilikosea kwa wiki mbili au tatu. Mti ulitoka dukani katikati ya Machi, nikauweka hapa dirishani, na tiketi ya Mjomba ilikuwa ya mwisho wa Machi, na matumba yalikuwa bado yamefumba kama ngumi. Siku mbili kabla ya safari Mama alipika pilau ya kumuaga, akamwalika chumbani kwetu. Sanduku lake lilikuwa limeshafungwa kwa kamba. Akala, akasifu, akaomba kuosha mikono, na alipokuwa anaelekea sinki akaupita mlango wangu ulio wazi. Akasimama. Nilikuwa nyuma yake nikiwa na sahani, sikuwa na mzaha hata mmoja mwilini. "Sio kitambaa, Mjomba," nikasema. "Hauna waya. Tazama tu." Akaingia. Akapiga magoti mbele ya ndoo na suruali yake ya pasi. Akashika tumba moja kwa kidole gumba na cha shahada, akalibonyeza taratibu kama daktari anayetafuta uvimbe. Akashika la pili. Nikamweleza kuhusu chumba cha baridi na mawaridi, haraka haraka, kama mtu anayekiri polisi. Akaomba kamba. Mama akakata ile iliyobaki ya sanduku. Akaniagiza mawe, nikakimbia uani nikaleta vipande vya marumaru vilivyobaki kwa mafundi. Akayafunga matawi matatu, akayavuta chini mpaka yakalala karibu sawa na sakafu, akapima kila fundo, akalegeza moja, akakaza jingine. Mikono ile haikusitasita. Ilikuwa inakwenda bila yeye. Alipomaliza, chai ya karaki aliyokuwa amewekewa mezani ilikuwa bado inatoa mvuke, na mimi na yeye tuliuona ule mvuke kwa wakati mmoja. "Wiki mbili," akasema. "Tatu zikizidi. AC usiifungulie juu yake." Akaondoka na sanduku ambalo kamba yake ilikuwa fupi.

Maua yalifunguka Aprili, wiki ya tatu, Jumanne, nikiwa ninatafuta soksi. Saba. Meupe, wekundu pembeni, moja limeumwa kidogo na kitu, mengine bado nusu, kila moja na ukubwa wake. Nilipiga kelele mpaka Mama akaja na mwiko. Nikapiga picha, nikamtumia Mjomba. Baada ya saa nzima ikaja sauti, ya Mama Zuhura: "Tumeona. Mwambie mama yako duka lake lina maua mazuri sana." Nikatuma video, nikayapuliza yatikisike. "Hata kitambaa hutikisika, mwanangu," akajibu. "Huyu mzee mwachie apumzike. Amekaa kwenye kiti, anakunywa chai." Nyuma yake nilisikia watoto wanacheka. Na Mjomba mwenyewe je? Aliandika mstari mmoja: "Mimi nakuamini, Shiru. Wao ndio hawaamini." Nikaelewa kwamba nimemfungia mlango kwa mkono wangu. Ushahidi wowote ambao ningeutuma kwa simu, nilikuwa nimeshauharibu mapema, mwezi wa kwanza, kwa waya wa kijani.

Mama ndiye aliyekuja na mkasi. Dereva mwenzake Mjomba alikuwa anakwenda likizo Tanga usiku wa kesho yake, na angepanda Lushoto kusalimia. "Kata moja," Mama akasema. Nikamwambia litanyauka kabla halijapita uwanja wa ndege, litafika ni takataka, petali za kahawia ndani ya bahasha, watacheka zaidi. Mama, ambaye amekuwa akiuza maua miaka tisa, akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto asiyejua kufunga kiatu. "Shiru. La kitambaa linanyauka?"

Nikakata lile zuri kuliko yote. Nikalitia kwenye bahasha pamoja na ile lebo.

Siku sita baadaye, nikiwa kwenye basi la shule, simu ikalia. Sauti ya Mama Zuhura haikuwa ya mwalimu wa zamu. Ilikuwa ya mtu aliyeinama juu ya kitu. "Limenyauka," akasema. "Limekauka lote, limekuwa kama karatasi ya chai. Nimelinusa." Kuku wakasikika, na mtoto akiambiwa aondoke hapo. "Nimempa mistari miwili ya miti ya juu. Ameondoka na kamba tangu asubuhi, chakula chake nimekifunika, kimepoa. Nikimwita anasema bado kidogo."

Mtufaha wangu haukuzaa. Yale maua sita yalidondoka kwenye zulia, maana mti mmoja peke yake chumbani, bila mwenzake, bila nyuki, hauwezi, hilo nalo nilisoma baadaye. Tangu wakati ule umelala dukani majira mengine, na Bwana Sunny ameongeza bei, sasa ninafunga na riboni. Mimi bado ni mcheshi. Walimu wana ushahidi. Lakini kabla ya mzaha sasa hutazama kwanza kama mtu ameshika simu mkononi, na ni nani yuko upande wa pili.

Leo ni Ijumaa, Desemba. Tumetoka kanisani Mesaimeer, maana huku ibada ya wiki ni Ijumaa, wali wa mchana umeliwa juu ya boksi, sebule yote iko kwenye maboksi isipokuwa taa isiyowaka. Gari la kuhamisha linakuja kesho. Asubuhi Mjomba aliandika kuuliza jambo moja tu: "Umeshapukutisha?" Sikuwa nimeanza. Kwa hiyo ninaandika haya kwa mkono wa kulia, na wa kushoto una harufu ya majani mabichi, na Mama anaita kutoka jikoni kwa mara ya tatu, anataka jibu, fagio linakuja ama linabaki.

"Mama," nimemwambia, "liwekee kiti cha mbele. Lifunge mkanda."